Serikali ikipatana na mgodi, mwanakijiji bado ana kesi yake

Januari 24, 2020, Serikali na kampuni ya dhahabu ya Barrick walipotia saini makubaliano yao jijini Dar es Salaam, nilishangilia. Tulikuwa tumetoka mbali. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, kwenda nje ulizuiwa, na baada ya miezi michache Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mwisho wa yote yakapatikana malipo ya dola milioni 300, hisa za Serikali asilimia 16 migodini, ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na kampuni ya ubia ya Twiga. Sibezi hata kimoja. Mwenye kudai deni lake ana haki ya kulipunguza ili angalau apate cha mkononi.

Ila deni lile lilikuwa la Hazina. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, kwenye mgodi wa North Mara, kuna watu wenye madai yao wenyewe. Mei 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja hadi mto Tigithe, mto ambao watu wanachota na ng'ombe wanakunywa. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini. Waliitwa wavamizi. Mjane wa mvamizi naye ni mjane, na siku ya kutia saini hakuwa na kiti mezani.

Sisemi kwamba makubaliano yale yalifuta kesi ya mtu. Kinachonisumbua ni jinsi tulivyoambiana mtaani na magazetini kwamba mgogoro na mgodi umekwisha. Ulikwisha wa nani?

Watu wa Nyamongo wamehangaika kutafuta mahakama ya kuwasikiliza. Baadhi yao walikwenda London, na kesi yao ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015 kwa masharti ya siri. Mwaka 2022 wengine wakafungua shauri Ontario, Kanada, ambako Barrick ina makao makuu yake, wakidai ndugu zao waliuawa na wengine kujeruhiwa na polisi wanaolinda mgodi. Kampuni inakana. Novemba 2024 jaji akalitupa shauri lao: mahali panapofaa kulisikiliza ni Tanzania. Kwa maneno mengine, rudini kwenu.

Niliposoma uamuzi ule nilikumbuka Bhopal, India. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha Union Carbide, na maelfu wakafa. Waathirika walipofungua kesi Marekani, mwaka 1986 jaji wa New York naye aliwaambia warudi kwao. Lakini huko kwao, kwa sheria ya 1985, Serikali ya India ilikuwa imejitwalia peke yake mamlaka ya kudai kwa niaba yao wote. Ilianza kwa kudai zaidi ya dola bilioni 3. Februari 1989 ikakubali dola milioni 470, bila kuwauliza wale waliokuwa bado wanakohoa. Hesabu ya suluhu ile ilikuwa vifo kama 3,000. Baadaye waliolipwa fidia, pamoja na majeruhi, walizidi nusu milioni, kutoka fungu lile lile. Serikali yenyewe ilirudi mahakamani mwaka 2010 kuomba nyongeza. Machi 2023 Mahakama ya Juu ya India ikakataa.

Sisi hatujafika huko. Lakini tulijibana wenyewe. Ibara ya 26(2) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi, na mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira aliisoma kwa upana unaostahili: raia anaweza kusimama kwa ajili ya wengine. Juni 2020, miezi mitano tu baada ya sherehe ya Barrick, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria yaliyomtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mjane wa Nyamongo anaweza kuapa hivyo. Nauli, wakili na miaka ya kupanda ngazi za mahakama atavitoa wapi? Chama au mwanasheria ambaye angembebea mzigo huo kwa jina lake ndiye aliyezuiwa mlangoni na marekebisho hayo.

Na mara nyingi Serikali haiwezi kudai kwa niaba ya mwananchi kwa sababu nayo inapaswa kujibu. Mtazameni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia watu sumu ya madini ya risasi kwenye damu. Wakazi waliishtaki kampuni na Serikali pamoja. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na sehemu kubwa kuliko zote ikawekwa kwenye mabega ya NEMA, mamlaka ya mazingira iliyopaswa kuwalinda. Mahakama ya Rufani ikaitengua, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Sasa fikirieni kama NEMA ndiyo ingekuwa imekaa na kiwanda kile kupatana kwa niaba ya wakazi.

Naomba wabunge wetu wahakikishe kile kifungu cha 2020 hakimo tena katika sheria zetu. Na makubaliano yoyote yajayo na mgodi, bomba au kiwanda yabebe sentensi moja iliyo wazi, kwamba hayamgusi mwananchi mwenye dai lake, na isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mtu kushika kalamu.