Sauti Tunazijua, Nyimbo Hatuzijui

Ukitaka kumkera Mkenya aliyefuatilia Tusker Project Fame, mashindano ya runinga ya uimbaji yaliyokutanisha nchi za Afrika Mashariki, mwambie hayakutoa mwanamuziki hata mmoja. Atakutajia Valerie Kimani, mshindi wa kwanza kabisa mwaka 2006, na Ruth Matete wa 2012. Basi mwombe akuimbie ubeti mmoja wa wimbo ambao yeyote kati yao aliutunga mwenyewe. Wengi hukwama hapo, na hawa ni watu waliokuwa wakikesha Jumapili na simu mkononi.

Lawama hizi hazikuanza na Fame. Mwaka 2004 Coca-Cola Popstars ilizaa kundi la Sema, waimbaji watatu waliounganishwa na mchujo wa majaji, na kundi lenyewe halikudumu. Mmoja wao, Sanaipei Tande, yuko hadi leo: ametangaza redioni, ameimba, ameigiza katika tamthilia ya Kina. Wanaoyaponda mashindano husema mtoto huyo wa Mombasa angefika tu, kipaji hakifichiki. Wanaoyatetea husema bila runinga Nairobi isingemjua. Ubishi huu hauamuliki, maana hatuna Sanaipei wa pili aliyebaki nyumbani siku ya usaili tukamlinganisha na huyu.

Kuna pia wanaosema haya ni mambo ya kigeni tuliyoletewa na makampuni ya vinywaji. Ni kweli kwamba vipindi hivi vilipata umaarufu wake mkubwa Uingereza kwa Pop Idol mwaka 2001, kisha Marekani kwa American Idol mwaka 2002. Lakini uhondo wa kusikiliza watu wakishindania wimbo hatukufundishwa na runinga. Beni za Lamu na Mombasa, vikundi vya ngoma vilivyoiga bendi za gwaride, zilikuwa zikichuana mwanzoni mwa karne iliyopita, kila upande ukitaka kuufunika mwingine kwa mavazi na madoido. Tamasha la muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na yeyote aliyeimba kwaya ya shule anamkumbuka yule mwamuzi anayepanda jukwaani na karatasi zake, anasifia kidogo, kisha anaanza kuhesabu makosa ya sauti ya tatu mbele ya ukumbi mzima. Ian Mbugua alipoketi kwenye kiti cha ujaji wa Fame na kauli zake kali, kando ya Juliana Kanyomozi na Hermes Joachim, watazamaji hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani. Walishakutana naye darasa la sita.

Na sebuleni ndiko utamu wenyewe ulikokuwa. Mshiriki aliyewekwa kwenye probesheni, yaani aliye hatarini kutolewa, anasimama chini ya taa, kamera inamsogelea mpaka unaona koo likimeza mate, mtangazaji anavuta maneno, halafu matangazo ya biashara. Katika dakika hizo shangazi ambaye hajawahi kuimba nje ya jumuiya ya kanisa anageuka mwalimu wa sauti: pumzi imemwishia, wimbo umemzidi, yule wa jana alistahili kubaki. Mjomba anapinga. Vijana wanamzomea jaji. Kipaji cha mwimbaji kilihitajika, ndiyo, lakini kilichouzwa pale ni nafasi ya sisi kuhukumu, na hukumu yetu kuhesabiwa. Redio haikuwahi kutupa hilo.

Hesabu yenyewe ililipiwa. Kura ilipigwa kwa ujumbe wa simu, na mwenye salio alipiga nyingi atakavyo. Wakosoaji waliona kasoro mbili: kwamba pesa inashinda sauti, na kwamba kila nchi itambeba mtu wake. Ya kwanza siwezi kuipuuza. Kura inayonunuliwa mara mia na mtu mmoja haipimi sauti, inapima mapenzi na mfuko. Ya pili imekaa vizuri mdomoni kuliko kwenye matokeo. Misimu sita ilileta Wakenya wawili, Waganda wawili (Esther Nabaasa mwaka 2008 na Davis Ntare mwaka 2010), Mnyarwanda Alpha Rwirangira mwaka 2009, na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Burundi! Kama taji lingekwenda kwa wingi wa simu peke yake, Nairobi ingelitwaa kila mwaka na Bujumbura isingelinusa. Tanzania, yenye watu wengi kuliko sisi, haikushinda hata mara moja. Peter Msechu aliambulia nafasi ya pili mwaka 2010.

Nchi hiyo hiyo ambayo haikuwahi kutwaa taji ndiyo iliyojaza matatu za Nairobi kwa Bongo Fleva miaka ile yote. Wao pia walikuwa na Bongo Star Search yao, lakini waliotutikisa, Diamond Platnumz akiwa mbele, walikuja na nyimbo zao mkononi. Kwangu mimi kasoro kubwa iko hapa, na majaji na kura vinasingiziwa bure. Mshiriki wa runinga huimba nyimbo za watu wengine kwa miezi. Lazima iwe hivyo, kwa sababu mtazamaji hawezi kusema umeharibu wimbo asioujua. Matokeo yake anatoka pale uso wake unatambulika kutoka Kayole hadi Kampala, nasi tunakumbuka jinsi alivyoimba wimbo wa mtu mwingine. Zawadi anayo, mkataba wa kurekodi anao, ila hana ghala la nyimbo. Anaanza kutunga akiwa tayari maarufu, na umaarufu haumsubiri amalize.

Watetezi wana jibu zuri kwa hili, nalo ni Jennifer Hudson. Mwaka 2004 aliondoka American Idol akiwa wa saba, na mwaka 2007 akapokea Oscar. Jukwaa lilimfungulia mlango, taji halikuwa na maana. Nakubali, ila nyuma ya mlango ule kulikuwa na studio za filamu zenye pesa zikitafuta waimbaji. Huku kwetu anayetoka mashindanoni humkuta meneja mmoja, promota wa shoo za wikendi, na mialiko ya harusi.

Kijana wa leo anajirekodi chooni, penye mwangwi, anatupia TikTok, na asubuhi ana wafuasi bila kumwona jaji. Kuna wanaosema hilo limeizika runinga ya mashindano. Sidhani: video ya sekunde 30 haina Jumapili ya kusubiriwa wala mjomba wa kubishana naye. Kama kipindi kitarudi, ningependa kuanzia wiki ya nusu fainali kila mshiriki aimbe wimbo wake mwenyewe, na mtunzi mzoefu amsaidie. Mdhamini atakataa, na ninaelewa kwa nini. Wimbo mgeni ukianza tu, rimoti zitatafutwa chini ya mito ya kochi nyumba nyingi za Nairobi, yangu ikiwemo.