Kadi 500 na neno "sanction"

Nilipoanza kujiandaa kwa GRE, mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea masomo ya uzamili nje, nilinunua manila, nikakata vipande 500. Mbele Kiingereza, nyuma Kiswahili, nikavifunga kwa mpira. Daladala ikikwama kwenye foleni ya Tazara, natoa, nakariri. "Laconic": mtu wa maneno machache. "Garrulous": mtu wa maneno mengi. Konda mmoja aliwahi kuniuliza kama nasomea uchungaji.

Jaribio langu la kwanza la mazoezi halikuniangusha kwa maneno magumu. Lililoniangusha ni "sanction". Kadi yangu ilisema "vikwazo", maana ndivyo tunavyolisikia kwenye taarifa za habari. Kumbe bodi kwenye ile sentensi ilikuwa imeuidhinisha mpango! Nikaja kwa "qualify". Mimi najua ni kufuzu. Pale mwandishi alikuwa anaipunguza makali kauli yake, anaiwekea masharti.

Ndiyo maana orodha za maneno 1,000 zinazozunguka WhatsApp sizipendi. Zamani zilikuwa na kazi yake, kwa sababu mtihani uliuliza kinyume cha neno likiwa limesimama peke yake. Maswali hayo yaliondolewa mwaka 2011. Sasa neno linakuja ndani ya sentensi. Kuna aina ya swali unapewa maneno 6, uchague 2 yatakayoipa sentensi maana ileile. Ukipatia moja tu, huna alama. Na mtego wao naujua: wanakuwekea pacha wawili wanaofanana kabisa, ila hakuna hata mmoja anayeingia pale. Maswali ya lugha ni 27 kwa dakika 41, kwa hiyo muda wa kutafsiri kichwani haupo.

Kiswahili kilinifaa nilipoacha kukitumia kama mgongo wa kadi. Kwetu ukimwita mtu mwekevu umemsifu, ukimwita bahili umemtukana, na watu hawaulizi tofauti. "Frugal" na "parsimonious" ni hivyo hivyo. Basi nikazipanga kadi upya kwa koo, maneno ya maana za karibu pamoja, na kila moja nikaiandikia sifa au tusi, pamoja na sentensi niliyoikuta mahali nikisoma.

Nyingi nilizitupa. Ya "enervate" ninayo mpaka leo. Nyuma niliandika "kutia nguvu", kwa vile inafanana na "energy". Nimeikata kwa wino mwekundu, chini yake: "kumaliza nguvu".