Damu ya Mama, Mkono wa Mkunga

Ukitoka Lamu mjini kwenda kisiwa cha Pate unapita Mkanda, mfereji mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakijaa, boti inapita bila wasiwasi. Yakitoka, boti kubwa ama husubiri ama huzunguka nje, baharini. Sisi tumezoea kupanga safari zetu kwa bamvua na maji mafu. Mama aliyejifungua Faza au Kizingitini, huko Pate, saa nane za usiku, damu ikakataa kukatika, hawezi kupanga. Nesi aliyesimama kando yake hawezi pia. Nimewaweka wote wawili mbele ya macho ninapoandika, kwa sababu mjadala wa kama mbinu mpya za kuwaokoa akina mama wanaojifungua zianze leo au zingoje usalama wa wahudumu umezoea kumtazama mmoja tu.

Mbinu zenyewe zina uzito. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuwahusu wanawake zaidi ya 200,000. Kiini chake ni shiti ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Huwekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, damu ikajikusanya humo, mkunga akaona kwa macho yake ni mililita ngapi. Kiwango cha hatari kikifika, hatua zote hufanywa kwa mkupuo mmoja: kusugua tumbo, dawa ya kukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kumkagua mama ili ijulikane damu inatoka wapi. Zamani ilikuwa kukisia, na damu iliyonywewa na godoro au kanga haikisiki. Hospitali zilizotumia utaratibu huu ziliwatambua akina mama 93 katika kila 100 waliokuwa wakitokwa na damu kupita kiasi. Zile nyingine ziliwatambua 51. Waliopoteza lita nzima au zaidi, waliopasuliwa kwa sababu ya damu hiyo, au waliofariki, walipungua kwa asilimia 60.

Kwa Kenya, nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria vifo 362 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wanaosema tuanze leo hawana haja ya kupaza sauti. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikwenda mbele zaidi: mama akiwa na dalili mbaya, kama mapigo kwenda mbio au presha kushuka, tiba ianze tangu mililita 300, isingojwe 500. Maana yake ni kuwa tuliokuwa tukingoja tulikuwa tukichelewa.

Sasa upande wa pili. Nilimuuliza mama mmoja aliyestaafu unesi, ambaye kwa miaka alikaa zahanati ya kisiwani, kama angeitaka shiti ile. Akanijibu, "Mwanangu, naitaka. Lakini usiku mimi niko peke yangu. Mkono mmoja uko tumboni mwa mama, wa pili watafuta mshipa, tochi ya simu nimeishika kwa meno. Sindano ikinidunga, namwambia nani?"

Swali lake linaingia ndani ya utafiti wenyewe. Hospitali za E-MOTIVE zilikuwa zile zinazozalisha kati ya wanawake 1,000 na 5,000 kwa mwaka. Hospitali ya aina hiyo ina wakunga kadhaa kwenye zamu, ina mtu wa kuitwa. Kipimo kikuu cha utafiti kilikuwa hali ya mama, na ndivyo inavyopasa. Lakini "mkupuo mmoja" unaofanywa na watu watatu ni kitu kimoja, na ule unaofanywa na mtu mmoja chumbani mwenye taa inayozimika ni kitu kingine. Chukua asidi ya traneksamiki. Utafiti mkubwa wa WOMAN, uliotangazwa mwaka 2017 na kuhusisha wanawake 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba dawa hii ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua inapunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi. Sina neno juu ya hilo. Ila dozi yake ni gramu 1, inayopitishwa mshipani polepole kwa muda wa dakika 10. Mama anatetemeka, mishipa imejificha kwa sababu damu imepungua, sakafu inateleza. Hapo ndipo watu wanapojidunga.

Na kujidunga kuna hesabu yake. Sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi huambukiza takriban mara 3 katika kila 1,000. Hiyo ndiyo watu huiogopa. Homa ya ini aina ya B haitajwi sana, na kwa mtu asiyechanjwa inaweza kuambukiza mara 6 hadi 30 katika kila 100. Chanjo yake ipo, ni dozi tatu, inajulikana kwa miaka mingi. Ukiniuliza ni jambo gani la aibu kuliko yote katika mada hii, ni kumpa nesi kazi inayomwongezea damu mikononi kabla ya kuhakikisha amemaliza dozi tatu. Dawa za PEP za kuzuia Ukimwi nazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha zimezwe siku 28. Zikiwa hapo kituoni, sawa. Zikiwa ng'ambo ya Mkanda, nesi ataacha wodi na nani ili aende akazichukue?

Wapo wanaotoka hapo moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba mbinu mpya zisimamishwe mpaka wafanyakazi wawe salama. Naielewa hasira yao. Wauguzi wa nchi hii waligoma karibu siku 150 mwaka 2017, na mgomo wa urefu huo hautokani na uvivu. Hata hivyo siwezi kwenda nao. Kwanza, hatari haikuja na shiti. Nesi yule yule tayari anachoma oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, anashona waliochanika, ananawa mikono kwa maji ya jerikeni. Pili, anayelipia kungoja ni mama, naye hakuulizwa. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wote wawili haki: kifungu cha 43 kinampa mama huduma za afya ya uzazi, kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi mazingira yafaayo ya kazi. Haikusema wapange foleni.

Kinachonisumbua ni kwamba tunazizungumzia "mbinu mpya" kama furushi moja, ilhali ukizitazama kwa jicho la mkunga hazifanani hata kidogo. Nyingine zinamlinda, nyingine zinamweka wazi zaidi, na nyingine zinafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Shiti ya kupimia ni ya aina hii ya mwisho. Damu iliyokuwa ikitiririka kitandani hadi miguuni mwake sasa imo mfukoni, na hilo ni jema kwake. Baadaye mfuko uliojaa unapaswa kubebwa na kumwagwa mahali, na kama hakuna shimo wala choo cha kumwagia, wala miwani ya kukinga macho, tumehamisha rashasha kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kabetosini isiyoharibiwa na joto, dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, ni habari tofauti kabisa, na nadhani kwa visiwa vyetu ndiyo ingetangulia. Oksitosini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Joto la Lamu mnalijua, na kukatika kwa umeme mnakujua. Dawa iliyopoteza nguvu inaonekana ile ile ndani ya kichupa, ila mji wa mimba haukazi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, wa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa kabetosini hii haizidiwi na oksitosini katika kuzuia mama asitokwe na damu baada ya kujifungua. Bado ni sindano, ni kweli. Lakini kila damu iliyozuiwa ni safari moja ya usiku ya kumkimbiza mama hospitali iliyofutwa, na katika safari hiyo nesi ndiye anayekaa ndani ya boti ameshika chupa ya dripu, mara nyingi bila jaketi la kuokolea maisha. Watu wakisema usalama wa mhudumu wanafikiria glavu. Kwa mtu wa Kizingitini au Kiunga, bahari imo ndani ya hesabu hiyo.

Misoprostoli, vidonge tu vya kazi hiyo hiyo, haina sindano wala friji. Haiipiku oksitosini nzima, yaani iliyohifadhiwa vizuri, lakini pale ambapo hiyo haipo, ni uamuzi wa busara.

Kuna mbinu nyingine ambayo haina dawa ndani yake, nayo ni kumruhusu mama awe na mtu wake wa karibu chumbani anapojifungua. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Wakunga wengi wa huku wanaisitia, na sababu yao si ubishi: mlango ukifunguliwa kwa mama mzazi, anaingia mama mkwe, wanafuata mashangazi wawili, na jambo likiharibika anayefokewa au kusukumwa ni nesi. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila mimi naona inatibika kwa kanuni ya mtu mmoja tu, aliyechaguliwa na mama mwenyewe wakati wa kliniki. Wanawake wengi wa Lamu wanataka kuzalishwa na mwanamke, kwa hiyo aliye peke yake kituoni usiku mara nyingi ni mwanamke pia. Shahidi mmoja mwenye akili timamu, anayeweza kushika taa na kukimbia kuita mtu, ni ulinzi kwa pande zote mbili.

Kaskazini, kwa Waboni, jamii ya msitu wa Boni, hoja zote hizi zinagonga ukuta. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 na operesheni ya usalama iliyoanza msituni mwaka uliofuata, zahanati za wadi ya Basuba zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu wahudumu hawangeweza kukaa huko. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara Mandera wakielekea kazini, na kila mhudumu aliyepangiwa vituo vya mpakani aliisikia habari hiyo. Hapo hakuna shiti wala kabetosini itakayofanya kazi, kwa kuwa hakuna mkono. Wanaodai kwamba usalama utangulie wako sahihi mahali hapa kuliko popote, na hapa hapa ndipo kungoja kumewaumiza wanawake zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya anayemfanyia kazi, na tangu ugatuzi mwaka 2013 mwajiri wa manesi wengi wa umma ni kaunti. Ningependa kaunti, siku inapopokea shehena ya mashiti, iulizwe katika kikao hicho hicho: wangapi wamechanjwa homa ya ini, sefti boksi ngapi za kutupia sindano zilizotumika zimepelekwa Faza, nani wa pili kwenye zamu ya usiku, na jaketi za boti ziko wapi. Kama majibu hayapo, mashiti yapelekwe vivyo hivyo, na majibu yaandikiwe tarehe.

Yule mama mstaafu nilimuuliza kama aliwahi kujidunga. Mara mbili, akasema. Ya kwanza alinawa kwa maji na sabuni, akarudi kumalizia kushona, kukapambazuka. Asubuhi alijaza kitabu cha wodi: jina la mama, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, damu iliyopotea kwa makisio. Alipekua kurasa akitafuta pa kuandika habari ya kidole chake, hakupaona, akakifunga kitabu akaenda kulala.