Nenda Kibuye na Gazeti la Jana

Hebu tuambiane ukweli: nyumba yako ina visu vingapi? Sita kwenye droo, kinachokata kimoja, na hicho kimoja hakionekani. Kiko nje kwa kijana anayekaza skrubu ya kiti. Kwetu kisu ni bisibisi, ni tindo, ni kifungua soda, ni cha kubandua ukoko wa ugali kwenye sufuria, na msimu wa mvua ni cha kutoa matope kwenye gambuti. Halafu Jumapili wageni wakiketi, nyama ikifika, mtu anaikereza mbele na nyuma kama anayepiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, jasho linamtoka, na anakuwa na ujasiri wa kusema visu vya siku hizi ni bure.

Visu vya siku hizi? Mwangalie mama mboga pale kona. Kisu chake kimeliwa mpaka kimebaki kama sindano ya gunia, mpini umefungwa kwa mpira wa tyubu, na anakata sukuma wiki mkononi bila ubao, nyuzi kwa nyuzi, macho yakiwa barabarani na mdomo unahesabu chenji. Hana uchawi. Kila baada ya mafungu mawili matatu anakipitisha kwenye kitako cha kikombe cha udongo, kwenye lile duara la chini lisilopakwa king'aacho. Pale pana mkwaruzo kama wa kinoo. Nyumbani una vikombe kumi na viwili vyenye duara hilo hilo, na bado unakata nyanya kwa kuitishia.

Sasa wenzetu Marekani, hao wana mambo. Watu wanapanda ndege, wanalipa kiingilio, wanaingia ukumbini Atlanta kwenye BLADE Show kuangalia visu. Kuangalia tu! Meza baada ya meza, fundi ameketi nyuma ya kazi yake. Na ukidhani ni kama sho ya kilimo tuliyoizoea, ile ya kumpapasa ng'ombe wa watu, kuonja mtindi kwenye meza nne na kuondoka na kofia ya kampuni ya mbolea, utaaibika. Hapo unaomba kwanza: naweza kukishika? Ukikubaliwa unashika mpini, si ubapa, kwa sababu vidole vina chumvi na jasho, na chuma chenye kaboni nyingi kikiachwa na alama ya kidole huanza kutu. Hupitishi dole gumba kwenye makali kujaribu. Hupungi hewani kama unafukuza nzi. Unakirudisha mpini ukielekea kwa mwenyewe. Na ukishaona kuwa hununui, unasogea, usimzibie meza mwenzako aliyekuja na pesa.

Wana hata mtihani. Kuna chama cha wafua visu, American Bladesmith Society, cha tangu 1976. Ukitaka daraja lao la kwanza, kisu ulichokifua mwenyewe kinakata kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kinakata ubao wa inchi mbili kwa nne vipande viwili, mara mbili, na baada ya hayo yote bado kinanyoa nywele za mkono. Halafu wanakibana kwenye jiliwa na kukikunja nyuzi tisini bila kuvunjika. Umesikia mpango huo? Kinapinda, hakikatiki, na kabla ya hapo kilikuwa kinanyoa. Hiyo ndiyo maana ya chuma kilichopikwa sawasawa.

Nasi maonyesho yetu tunayo, ila kwa vile hayana tiketi hatuyapi heshima. Kibuye, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, soko hujaa zaidi Jumapili. Fuata mlio wa nyundo. Utawakuta wahunzi wa jua kali, mvukuto wao ni gurudumu la baiskeli linalozungusha feni, fuawe yao ni kipande cha reli. Reli ilifika Kisumu 1901, na mimi nasema hakuna chuma kilichofanya kazi nyingi kuliko kile: kwanza kilibeba treni, sasa kinapigiwa jembe, kisu na mguu wa jiko. Wala ufundi wenyewe haukushuka kwenye hilo treni. Wasamia, upande wa Busia, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyolipiwa mahari kabla ya reli kufikiriwa.

Lakini mnunuzi wetu! Anafika saa nane mchana, jua la utosi, fundi amechoka, visu vizuri vimeondoka na wauza samaki waliopita asubuhi. Anaokota kisu bila salamu, anapitisha dole gumba, anakatika, anamlaumu fundi. Halafu anauliza, "Hiki ni original?" Original ya nini, ndugu yangu? Kilikuwa springi ya lori mwezi uliopita.

Na hilo ndilo swali la kuuliza: kilikuwa nini? Springi ya gari ni chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, na hicho hukomaa moto ukipita na mafuta yakifuata. Tupa kuukuu ina kaboni zaidi, inatoa makali ya kutisha, lakini ikiharakishwa inakatika kama biskuti. Nondo ya ujenzi ya kawaida, angle ya dirisha, bamba la pipa, hivyo kaboni yake ni haba. Pika utakavyo, vitabaki laini. Kisu cha nondo kinang'aa siku ya kwanza kuliko vyote. Kinachokusanya umati Kibuye mara nyingi ni kile cha kung'aa, chenye mpini uliopakwa rangi nyekundu na njano. Rangi hiyo nayo inaficha mambo, tutafika.

Ukitaka kujua bila kuuliza, simama fundi anapokipitisha kwenye grainda. Cheche za springi hupasuka mwishoni, matawi matawi, kama fataki za mwaka mpya. Za nondo huenda ndefu na kupasuka kwa nadra. Haikugharimu kitu, ila usivae shati la nailoni.

Kupika sasa. Kisu hupashwa moto mpaka sumaku iache kukishika, hapo ni karibu nyuzi 770 za selsiasi, halafu kidogo tu juu ya hapo, rangi ya chungwa lililoiva kivulini. Kinazimwa ndani ya mafuta yaliyopashwa kama nyuzi 50, maana mafuta ya baridi ni mazito na hupoza polepole. Fundi mwenye haraka anatumbukiza ndani ya ndoo ya maji. Utasikia "tii!" ndogo. Hiyo tii ni ufa. Utauona nyumbani, siku utakapokuwa unakata kiazi na nusu ya kisu ibaki ndani ya kiazi.

Na kikishazimwa si mwisho. Wakati huo ni kigumu kama glasi na kina roho ya glasi. Lazima kitulizwe, nyuzi 200 hivi, saa mbili, kipoe, kirudie tena saa mbili, mpaka chuma kilichosuguliwa kionyeshe rangi ya nyasi kavu. Hapa ndipo wengi wanaruka hatua, kwa sababu mteja amesimama na pikipiki inanguruma. Wewe unataka kisu baada ya dakika kumi, fundi afanyeje? Anakupa cha dakika kumi.

Kosa linalofuata ni la jiwe la grainda. Kisu kimepikwa vizuri, kimetulizwa, sasa kinatolewa makali kwa mashine bila kuchovywa maji. Ukiona kwenye makali mstari wa buluu, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, pale joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu umeondoka. Usinunue. Hata akipunguza nusu bei. Mwombe, kwa adabu, "Fundi, hiki kimeungua hapa," utaona anakuangalia upya na kutoa kingine kutoka chini ya gunia. Vile vya chini ya gunia ndivyo vyenyewe.

Fundi atakuonyesha ubingwa kwa kukata msumari. Piga makofi, ni burudani, lakini usilipie burudani. Msumari ni laini, na kisu kinene kitaukata hata kikiwa hakifai jikoni. Omba tupa yake, ipitishe taratibu karibu na kisigino cha makali, pale ambapo hukati kitu. Ikiteleza kama juu ya glasi, chuma kimekomaa. Ikiuma na kutoa unga, ni laini. Halafu kiinue kwenye jicho, uangalie mgongo tangu mpini mpaka ncha kama unayechagua mbao. Kilichopinda wakati wa kuzimwa hakinyooki jikoni.

Unene, jamani, unene! Springi ina milimita sita na zaidi, na kuipunguza ni jasho, basi fundi anaiacha. Matokeo yake ni shoka lenye mpini mfupi. Kisu cha jikoni mgongoni milimita mbili zatosha, na nyuma tu ya makali nusu milimita. Kikiwa kinene, karoti haikatiki, inapasuka "kwach!" na kipande kinaruka mpaka kwa jirani, kwa sababu chuma kinaingia kama kabari. Hapo kunoa hakusaidii hata ukinoa mpaka Krismasi.

Sasa ile rangi ya mpini. Kwaruza kidogo kwa ukucha. Mkia wa chuma ukifika nusu tu ya mpini, na umeshikiliwa na plastiki iliyoyeyushwa, siku ya kupasua kichwa cha mbuta mpini utabaki mkononi na chuma kitabaki kwa samaki. Tafuta mkia uliofika mwisho, ribiti tatu zilizokaa sawa na mti, hakuna mwanya wa kuingiza kucha. Mwanya unakunywa maji, mti unavimba, kutu inaanzia ndani ambako huioni.

Mwisho ndiyo lile gazeti la jana. Shika ukurasa hewani, kata kutoka ukingoni. Makali mazuri yanapita kwa sauti moja. Yakikwama mahali pamoja kila mara, pana pengo. Na beba nyanya yako. Usimwombe mama wa nyanya jirani akukopeshe, atakuuzia fungu zima na atakuwa na haki.

Bei? Bishana, lakini bishana kama mtu aliyeona. Ukisema "nondo hii mia mbili?" na ni nondo kweli, atacheka na kushusha. Ukisema "chuma chakavu mia mbili?" na ni springi iliyotulizwa mara mbili, atakinyang'anya kwa upole na kumhudumia mwingine.

Umenunua. Kurudi nyumbani kuna balaa lake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hii ya kitambaa kisu kinaitoboa kabla matatu haijaondoka stejini. Utaona ncha imechungulia, konda amechungulia, mama wa kiti cha pili amehamisha mtoto. Chomeka ncha ndani ya gunzi la mahindi, zungushia gazeti mara nne, funga kamba. Gazeti lilelile. Kisha kiweke chini ya omena, na usianze kumweleza abiria jirani kwamba kinanyoa.

Nyumbani kitabadilika rangi. Ukikata nyanya au ndimu kinaingia kijivu, hiyo si dosari. Nyekundu ndiyo kutu. Kioshe, kikaushe papo hapo, kipake tone la mafuta ya kupikia. Usikiache kwenye beseni la vyombo usiku kucha. Anayeingiza mkono asubuhi ndiye atakayekiona, na atakiona kwa kidole.

Kukinoa, achana na kinoo cha baiskeli kinachotoa cheche mpaka watoto wanashangilia. Cheche hizo ndizo makali yako yanaondoka, na ile buluu inarudi. Chukua jiwe, lilowe maji. Simamisha kisu wima, hiyo ni tisini. Laza nusu, arobaini na tano. Laza nusu tena, hapo hapo, kama ishirini na mbili. Sugua upande mmoja mpaka usikie kwa kidole, upande wa pili, kijiukingo chembamba kimejikunja kutoka kisigino mpaka ncha. Kisipofika ncha hujamaliza. Geuza, fanya vilevile, kisha kivutie kwenye mkanda wa ngozi, makali yakifuata nyuma, mara kumi kila upande. Si mara tatu. Wote tunajua unaishia mara tatu.

Basi Jumapili imepita salama, ngege amekatwa vizuri, wageni wamesifu mchuzi. Jumatatu jioni uko sebuleni, habari za saa moja zimeanza, na kutoka jikoni unasikia: ngraa... ngraa... ngraa. Huhitaji kuinuka. Mtu anabandua kifuniko cha mkebe wa rangi, na bisibisi iko kwenye droo, ndani ya vile visu sita.