Marekani ilipobana namba za simu: nani alinufaika, nani aliumia

Mwaka 1996 wakazi wa Chicago na vitongoji vyake walipewa misimbo mitatu mipya ya simu kabla mwaka haujaisha. Januari ilikuja 847 kwa vitongoji vya kaskazini, Agosti ikafuata 630 upande wa magharibi, na Oktoba 773 ikachukua sehemu kubwa ya jiji lenyewe, 312 ikabaki na katikati ya mji. Watu hawakuwa wameongezeka kwa kasi hiyo. Kweli, simu za mkononi, peja, faksi na laini za pili kwa ajili ya intaneti zilikuwa zinamiminika, lakini hata ukizijumlisha zote hesabu haikai sawa. Namba zilikuwepo kwa mamilioni, ila zilikuwa zimelala kwenye stoo za kampuni zisizokuwa na wateja wa kuwapa.

Namba ya simu ya Marekani ina tarakimu 10. Tatu za mwanzo ni msimbo wa eneo, tatu zinazofuata ni kianzio kinachotambulisha swichi, yaani mtambo unaounganisha simu, na kampuni yake, na nne za mwisho ni za mteja. Mpango huu uliandaliwa na kampuni ya simu ya AT&T na ukaanza mwaka 1947 na misimbo 86; mpaka leo unatumiwa na Marekani, Kanada na nchi nyingi za visiwa vya Karibi, zote zikiwa chini ya +1. Msimbo mmoja una vianzio 792 vinavyoweza kugawiwa, na kila kianzio kina namba 10,000. Hiyo ni karibu namba milioni 8. Jimbo kama Maine, lenye watu milioni moja na ushei, halikupaswa kuwaza habari ya uhaba kwa vizazi kadhaa.

Kasoro ilikuwa kwenye ukubwa wa fungu. Tangu enzi za mitambo ya zamani, simu ilielekezwa na kutozwa bei kwa kusoma kianzio. Nchi ikakatwa vipande vidogo vidogo, tuviite kanda za bei, vilivyoamua ipi ni simu ya jirani na ipi ni ya mbali. Wakati kampuni ya simu ilikuwa moja katika kila mji, utaratibu huo haukumsumbua mtu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ikafungua soko la simu za mitaani kwa ushindani, na hapo kila kampuni mpya ikalazimika kuchukua fungu zima la namba 10,000 katika kila kanda iliyotaka kuhudumia, hata kama wateja wake ni 200. Ni kama duka lisilopima mchele kwa kibaba: anayetaka chakula cha jioni anaondoka na gunia. Piga hesabu mwenyewe. Kampuni 10 katika kanda 80 zinahitaji vianzio 800, na msimbo mzima una 792.

Illinois ndiyo iliyojaribu dawa kwanza, mwaka 1998, katika eneo lile lile la 847. Fungu la 10,000 likavunjwa mafungu 10 ya namba 1,000, na yale ambayo hayajaguswa yakarudishwa kwenye kapu la pamoja ili kampuni yoyote yenye uhitaji ichote humo. Jambo hili lisingewezekana miaka michache nyuma, kwa sababu swichi zilidhani kila kianzio kina mwenyewe mmoja. Kilichofungua njia ni teknolojia ya kuhama kampuni bila kubadili namba: swichi huuliza kwanza kwenye hifadhidata namba hii leo iko kwa nani, ndipo inaielekeza simu. Ukishaweza kuhamisha namba ya mteja mmoja, unaweza pia kuhamisha namba 1,000 ambazo bado hazina mteja. Msimbo wa 847, uliokuwa ukitabiriwa kujaa mapema, ukasukumwa mpaka Januari 2002 ndipo 224 ikaongezwa juu yake, yaani eneo moja likawa na misimbo miwili.

Machi 2000 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaufanya mtindo huo kuwa kanuni ya taifa, na utekelezaji ukaanza mwaka 2002 katika miji mikubwa. Fungu la 1,000 ambalo limetumika chini ya asilimia 10 lilitakiwa kurudishwa kapuni. Kampuni ikaamriwa imalize fungu moja kabla ya kufungua jingine. Kampuni inayoomba fungu zaidi katika kanda fulani ilibidi ioneshe kwamba imeshatumia asilimia 60 ya ilizonazo, kiwango kilichopandishwa hatua kwa hatua hadi 75. Taarifa za matumizi zikawa za lazima mara mbili kwa mwaka. Nadhani hatua hii ya mwisho ilikuwa na uzito kuliko inavyosifiwa: kabla yake mdhibiti alikuwa anagawa mali ya umma bila kujua iliyogawiwa jana imefanya kazi gani.

Hadi hapo utadhani hakuna wa kupinga. Wapo, na wana hoja.

Hoja yao nzito ni kwamba kubana namba kuna sura mbili, na sura ya pili ni mgao. Kule California, maeneo yaliyokaribia kujaa yaliendeshwa kwa bahati nasibu: kila mwezi vianzio vichache vinatolewa, kampuni zinaingia kwenye droo, mwenye bahati anapata. Kampuni kongwe iliyokaa na akiba ya miongo mitano haikuumia sana. Aliyeumia ni kampuni changa iliyoshajenga mitambo na kuajiri watu, sasa inasubiri jina lake litoke kwenye droo ndipo iwe na namba ya kumpa mteja. Sheria iliyokusudiwa kuleta ushindani ikawa inakwamishwa na ukosefu wa tarakimu. FCC ililiona hilo mapema, na mwaka 1998 ikayaambia majimbo kwamba mgao hauwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa kufungua msimbo mpya. Wanasiasa wa majimbo walikuwa na sababu ya kuuogopa uamuzi huo. Hakuna mpiga kura anayeshukuru kwa kubadilishiwa namba, na kuahirisha hakugharimu kura.

Kuna pia gharama. Hifadhidata, programu mpya za swichi, msimamizi wa kapu la pamoja, watu wa kujaza taarifa: yote hayo yalilipwa na kampuni, na kampuni hulipwa na wateja. Tena ukibana sana, namba iliyoachwa na mtu mmoja inarudi sokoni haraka. Kanuni za FCC ziliweka ukomo wa kuipumzisha: isizidi siku 90 kwa namba ya nyumbani, siku 365 kwa ya biashara. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye namba yake ndiyo pochi yake hahitaji kuelezwa hatari ya laini ya mtu kupewa mwingine huku madeni na ujumbe wa benki bado vinaifuata. Marekani nayo iliishia kujenga hifadhidata ya namba zilizobadili wenyewe, iliyoanza kazi Novemba 2021, ili wanaopiga simu za biashara wajue kama wa kwanza bado ndiye mwenye namba.

Kisa kinachoonesha pande zote mbili kwa pamoja ni cha 310, upande wa magharibi wa Los Angeles, kwenye miji kama Santa Monica na Beverly Hills. Mwaka 1999 ilipangwa msimbo wa 424 uwekwe juu ya 310, na kama kanuni ya FCC inavyotaka kila misimbo miwili inapokaa eneo moja, watu wakaanza kulazimishwa kupiga tarakimu zote hata kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Wananchi wakapiga kelele. Mbunge mmoja wa bunge la jimbo akapeleka ombi rasmi, na tume ya huduma za umma ya California ikasimamisha mpango. Ukaguzi ulipofanyika, zikakutwa namba zisizotumika kwa mamilioni ndani ya msimbo uliosemekana umekwisha. Kapu la pamoja likaanza Machi 2000, na 424 haikuja hadi Agosti 2006.

Miaka saba si haba. Kwa fundi bomba mwenye namba iliyochorwa kwenye gari lake, kwa kliniki yenye mashine za kengele zilizopangwa kupiga tarakimu saba, ni miaka saba ya kutoingia gharama. Ila 424 ilikuja vilevile, na ilipokuja yale yaliyoogopwa mwaka 1999 yakatokea: watu wakapiga tarakimu zote. Kisha maisha yakaendelea. Toronto ilifika huko mapema, 647 ikawekwa juu ya 416 mwaka 2001 na 437 ikafuata 2013, na jiji halikupotea njia.

Hapa ndipo wapinzani wa kubana namba wanapouliza swali ambalo watetezi hulikwepa: tunalinda nini hasa? Kama ni raha ya kupiga tarakimu saba, raha hiyo ilishapata pigo kutoka mlango mwingine. FCC ilipoichagua 988 kuwa namba fupi ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, misimbo 82 iliyokuwa na kianzio cha 988 na bado inaruhusu tarakimu saba ililazimika kwenda tarakimu 10 kuanzia tarehe 24 Oktoba 2021. New Hampshire na Vermont zimo. Majimbo hayo mawili yalikuwa yametunza msimbo mmoja mmoja, 603 na 802, na bado yanao, lakini tarakimu saba zimekwenda. Na kijana mwenye simu ya mkononi anabonyeza jina. Tarakimu hazioni kabisa.

Linalobaki ni fahari ya mahali. 212 ya Manhattan inauzwa kwa fedha nzuri, na mtu wa Maine huvaa 207 kifuani. Sidharau hilo, ila sioni kwa nini mdhibiti wa mawasiliano abebe mzigo wa kulilinda. Kenya ilipofikia ukingoni na 07 mwaka 2019, mdhibiti alifungua 01 na kampuni zikaanza kuuza laini za 0110 na 0100. Watu walishangaa siku chache, wengine wakadhani ni matapeli wanapiga, kisha wakazoea. Ilikuwa rahisi kwa sababu Mkenya alikuwa tayari anapiga tarakimu zote, na 07 haikumwambia mtu kama unatoka Kisumu au Lamu. Uchungu wa Marekani unatokana na kuifunga namba na ardhi.

Pamoja na hayo yote, mimi niko upande wa kapu la pamoja, kwa sababu nyingine kabisa. Misimbo ya eneo nayo ina mwisho. Mwaka 2000 kulikuwa na hofu ya kweli kwamba tarakimu 10 zingeisha ndani ya muongo mmoja hivi, na kuupanua mpango mzima kulikadiriwa kugharimu dola bilioni 50 hadi 150. Hiyo ingegusa kila swichi, kila hifadhidata ya benki na hospitali, kila fomu yenye visanduku 10, kuanzia Alaska hadi Jamaica. Kila msimbo usiofunguliwa bila sababu unaisogeza mbele siku hiyo, na imesogea sana. Kwa hiyo kuchelewesha 424 kwa ajili ya watu wa Santa Monica kulikuwa faida ndogo. Kulinda mpango wa bara zima ndiyo faida yenyewe. Ukipima hivyo, mgao wa bahati nasibu unakosa utetezi, maana hauongezi hata namba moja, unapanga foleni tu. Kuvunja mafungu kunaongeza.

Ushahidi mzuri ni Maine. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 imeambiwa kwamba 207 inakaribia kujaa, na mpaka leo ni msimbo mmoja, kutokana na kapu la pamoja, kurudisha mafungu yaliyolala na kuunganisha baadhi ya kanda za bei. Hatua hiyo ya tatu ndiyo yenye nafasi kubwa iliyobaki, na ndiyo inayokwenda taratibu kuliko zote. Hata fungu la 1,000 ni kubwa kwa kampuni yenye wateja 40 katika kanda moja, na kampuni hiyo hiyo itachukua jingine kanda ya pili, na ya tatu. Kampuni ndogo za vijijini zimekuwa zikiusita muungano huo, kwa kuwa mipaka ya kanda ndiyo iliyoamua nani analipa simu ya mbali, na mapato yao yalijengwa humo. Wamarekani wengi sasa wanalipia kifurushi kimoja cha mwezi na kumpigia mtu wa mji wa pili au wa pwani ya pili kwa bei ile ile. Namba zao, hata hivyo, bado zinagawiwa kwa ramani ya enzi ambayo kila kanda ilikuwa na bei yake.