Boksi la Meli ya Mbao Limenichosha

Jamani, hawa wanaotuuzia meli ndogo za mbao za kuunda wenyewe wanatuonaje? Juu ya boksi kuna picha ya meli imekamilika, kamba zimenyooka, rangi inameremeta. Fungua sasa. Vijiti, na karatasi inayosema: pinda ubao ufuate mataruma (mbavu za meli). Basi! Upinde vipi? Uuloweke kwa muda gani? Hapo wamenyamaza. Ubao wenyewe una unene wa milimita moja na nusu, na ukifika kwenye omo, yaani mbele ya meli, pale unapokata kona kali, kwa! umepasuka. Wa akiba hakuna.

Mimi sikatai kazi. Meli yenyewe ni Victory ya Waingereza, ile ya vita vya Trafalgar vya 1805, na mizinga yake 104. Kubandika kamzinga kamoja kamoja nakubali, raha yake ndiyo hiyo.

Na hapa Lamu ukikaa nayo barazani umejitakia. Kila mzee anayepita anasimama. "Mwanangu, kijijini Matondoni wanaunda majahazi mazima kwa tezo na jicho, mchoro hawana, wewe umeagiza vijiti Ulaya?" Nimwambie nini? Nacheka tu, gundi inanikaukia vidoleni.

Nimewaandikia wenye boksi wanitumie mbao mbili tu, nalipa mwenyewe. Wamejibu kwa heshima zote: mbao haziuzwi peke yake, nunua boksi jingine.