Lifti ya Innerleithen: nani alipie njia ya kupanda?

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya lifti ya viti inayopendekezwa Innerleithen, yaani viti vinavyoning'inia kwenye kebo ili kuwapandisha waendesha baiskeli mlimani, ni hii: kama ingekuwa na faida, mwekezaji angekwisha kuijenga zamani. Kwa hiyo, wanasema, kuwaomba wananchi na waendesha baiskeli wachange ni kuwabebesha hasara ambayo wenye fedha wameikimbia. Hoja hii ina sura ya busara, na wanaoitoa ni watu makini wanaojua hesabu. Kwa maoni yangu imeuelewa mlima ule vibaya, na kosa hilo ndilo limezima nusu ya mjadala.

Innerleithen ni mji wa watu wapatao elfu tatu katika bonde la mto Tweed, kusini mwa Uskoti. Kwa vizazi uliishi kwa sufi. Kiwanda cha Caerlee, kilichoanza mwishoni mwa karne ya 18, kilifunga milango yake katika miaka ya 2010, na reli ilikuwa imeondoka tangu 1962. Kilichobaki ni vilima vyenye misitu, na ndani ya misitu hiyo kuna njia za baiskeli ambazo waendeshaji wa Uingereza nzima wanazijua kwa majina. Baiskeli ya mteremko ni nzito, ina springi ndefu, na haikuundwa kupandia mlima. Ndiyo maana leo waendeshaji hupandishwa kwa magari yanayovuta tela la baiskeli. Kampeni ya wenyeji iitwayo AIMUp imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba magari hayo yametosha na sasa pajengwe lifti. Mwaka 2021 mkataba wa maendeleo wa Borderlands, eneo la mpakani mwa Uskoti na England, ulitenga hadi pauni milioni 19 kwa mradi wa baiskeli za milimani katika mji huo, na watu wakadhani lifti imefika. Haikufika. Ndipo wazo la wananchi kujichangia wenyewe linapopata uzito upya.

Nirudi kwa mwekezaji. Uskoti ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli karibu katika ardhi yote, mradi apite kwa kuwajibika. Tena, misitu mingi inayozunguka Innerleithen ni ya umma. Maana yake ni kwamba hakuna awezaye kuweka geti juu ya mlima na kutoza kiingilio cha njia. Kijana mwenye mapafu mazuri ataisukuma baiskeli yake hadi kileleni na kuteremka bure, leo na hata baada ya lifti kujengwa. Nchini Wales mambo ni tofauti. BikePark Wales, iliyofunguliwa mwaka 2013 karibu na Merthyr Tydfil, humtoza hata yule anayepanda kwa kanyagio zake, kwa sababu sheria ya huko haimpi haki hiyo. Pale kampuni inauza mlima mzima. Innerleithen kitu pekee kinachoweza kuuzwa ni kupanda.

Basi mwekezaji anapouangalia mlima huu na kuondoka, hajathibitisha kwamba lifti haina thamani. Amethibitisha kwamba sehemu kubwa ya thamani yake haiwezi kuingia mfukoni mwake. Itaingia kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa fundi wa baiskeli, kwa mgahawa, kwa mzazi ambaye binti yake hatalazimika kuhamia Edinburgh kutafuta kazi. Watu wanaopata faida wakichangia mtaji, hapo hakuna huruma wala ndoto. Ni hesabu ile ile ya mwekezaji, ila imefanywa na mtu anayeishi mahali faida inapoangukia.

Kuna jambo la pili ambalo wapinzani hulipita haraka mno. Njia nyingi zinazoufanya mlima huo uvutie zilichimbwa na watu wa kujitolea, kwa sepeto na toroli, jioni baada ya kazi, na nyingine zilichimbwa kabla hazijapata kibali chochote. Sehemu inayoitwa Golfie, jina lililotokana na uwanja wa gofu ulio chini yake, ilikua hivyo. Leo chama cha njia za bonde la Tweed hushirikiana na shirika la misitu kuzitunza. Sasa fikiria kampuni ya nje inajenga lifti pale na kuuza tiketi. Itakuwa inauza mteremko ambao haikuuchimba. Wachimbaji wangevumilia kwa muda gani? Lifti ikiwa ya ushirika, aliyeshika sepeto anaweza kuwa na hisa na kura sawa na aliyetoa fedha nyingi, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya vyama vya ushirika na vya manufaa ya jamii humpa kila mwanachama kura moja bila kujali ukubwa wa mchango wake.

Wala si jambo geni. Watu wa kisiwa cha Eigg, magharibi mwa Uskoti, walikinunua kisiwa chao mwaka 1997 kwa takriban pauni milioni 1.5, kwa michango iliyotoka kila upande wa Uingereza. Mwaka 2008 waliwasha mtandao wao wenyewe wa umeme wa maji, upepo na jua. Wanaosema jamii ndogo haiwezi kuendesha mitambo waanzie hapo. Karibu zaidi na Innerleithen, wakazi wa Langholm walichangisha pauni milioni 3.8 na mwaka 2021 wakanunua sehemu kubwa ya nyika iliyo juu ya mji wao. Huko Vermont, Marekani, mlima wa kuteleza kwenye theluji wa Mad River Glen ni mali ya ushirika wa watelezaji tangu 1995. Lifti yao ya kiti cha mtu mmoja mmoja, ya mwaka 1948, ilipochoka, washauri wangeweza kuwaeleza kwa urahisi kwamba lifti mpya ya viti viwili ingebeba watu wengi zaidi. Wanachama waliamua kuifufua ile ile, wakachangisha takriban dola milioni 1.7, na mwaka 2007 ikarudi kazini. Walijua kwamba watu wengi zaidi juu ya mlima wangeziharibu njia wanazozipenda. Kampuni isingefikia uamuzi huo, na kwangu uamuzi huo una uzito kuliko kiasi cha fedha walichokusanya.

Hata hivyo upande wa pili una shahidi mkubwa, naye yuko Uskoti hapo hapo. Mwaka 1957 watu wa bonde la Spey waliunda bodi ya kuendeleza michezo ya baridi katika mlima wa CairnGorm, wakaomba michango, na Desemba 1961 lifti yao ya viti ikaanza kazi. Huo ndio mfano safi kabisa wa kile kinachopendekezwa Innerleithen. Lakini fuata hadithi hadi mwisho. Upepo wa mlimani ulikuwa ukiisimamisha lifti mara kwa mara, na kampuni iliyozaliwa na michango ile ikaamua kujenga treni ya kuvutwa kwa kebo. Ilifunguliwa Desemba 2001 kwa gharama ya karibu pauni milioni 20, nyingi zikiwa fedha za umma. Kampuni ikaelemewa na deni, na mwaka 2008 wakala wa serikali wa maendeleo ya nyanda za juu ukaichukua. Mwaka 2014 uendeshaji ukapewa kampuni binafsi. Mwaka 2018 wahandisi wakakuta kasoro katika nguzo na boriti, treni ikasimamishwa, na mwendeshaji akaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ukarabati ulipita pauni milioni 25, zaidi ya gharama ya kuijenga. Ikarudi Januari 2023, ikafungwa tena Agosti mwaka huo huo, ikafunguliwa Februari 2025.

Wapinzani wa lifti ya Innerleithen hutaja takwimu hizi mbili, milioni 20 na milioni 25, na kuishia hapo. Mimi naona lazima tuzikalie kidogo, kwa sababu zinasema mambo mawili. La kwanza ni lile wanalolisema wao: mtambo wa mlimani hula fedha baada ya kujengwa, na aliyechangia ujenzi mara nyingi hayupo siku ya matengenezo. La pili hawalisemi. Lifti ya mwaka 1961, ya michango, ilikuwa na ukubwa uliolingana na mfuko wa walioijenga, na CairnGorm iliendelea kupandisha watu kwa lifti kwa karibu miaka 40. Matatizo yalianza pale jamii iliyochangisha kidogo iliposhawishiwa kukopa kikubwa, na maamuzi yakahamia mbali na bonde.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kupelekwa Uskoti ili alielewe lile la kwanza. Kenya ilijenga mamia ya shule za sekondari kwa harambee katika miaka ya 1960 na 1970, na Tanzania ikajenga shule za kata kwa nguvu za wananchi chini ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza 2004. Madarasa yalisimama. Walimu na maabara ndivyo vilivyokosekana. Watu huchangia kwa moyo kitu kinachoonekana kikiinuka, tofali kwa tofali. Ni vigumu kumchangisha mtu kwa ajili ya mshahara wa mwaka wa saba.

Na lifti ni mtambo wa mwaka wa saba. Gharama ya magari ya tela hupanda na kushuka pamoja na wateja: Jumanne ya mvua ya Februari ukiwa na watu sita, unaliacha gari moja limeegeshwa. Lifti haina uungwana huo. Ikibeba watu sita au mia sita, gurudumu kubwa linazunguka, waendeshaji wanasimama juu na chini, bima inalipwa, kebo ya chuma inapimwa, vibanio vya viti vinafunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba. Upepo ukizidi, haiendi. Moto nao unaijua njia: bustani ya baiskeli ya Christchurch, New Zealand, ilifunguliwa na lifti yake Desemba 2016, na Februari 2017 moto wa vilima vya Port Hills ukaipitia na kuifunga hadi mwisho wa mwaka. Jamii inayochangisha gharama ya nguzo na viti peke yake imechangisha nusu ya lifti.

Linalonisumbua zaidi, hata mimi ninayeunga mkono, ni udongo. Kwa magari ya tela mtu hushuka labda mara nane kwa siku, kwa sababu muda mwingi huishia kwenye foleni, kupakia baiskeli na kuzunguka barabara ya msitu. Lifti inaweza kuziongeza safari hizo maradufu, na kwa watu wengi zaidi. Kila mteremko unakata kona, unafukua mizizi, unachimba mfereji ambao mvua ya Uskoti itautumia. Wanaokarabati ni wale wale wa jioni na toroli. Ukimwongezea mtu wa kujitolea kazi maradufu huku kando yake kuna mashine inayouza tiketi, hutakuwa na mtu wa kujitolea kwa muda mrefu. Hapa haki ya kupita bure inageuka kuwa mzigo: njia zitaliwa na wote, waliolipa na wasiolipa, na mapato ya kuzitunza yatatoka kwa waliolipa tu. Nimesoma hoja nyingi za wapenzi wa lifti, na jambo hili huligusa kwa sentensi moja.

Kuna pia hoja ya tabaka. Baiskeli ya mteremko hugharimu maelfu ya pauni, na kuna wakazi wanaouliza kwa nini mji uliopoteza viwanda ukusanye fedha kwa ajili ya mchezo wa wageni wenye nazo. Swali ni la haki, lakini jibu lake liko katika jinsi hisa zinavyouzwa. Hisa ya chini ikiwa bei ya chakula cha familia cha wiki, mkazi asiyeendesha baiskeli anaweza kuwa mwenye mali. Ikiwa bei ya baiskeli, ataendelea kuwa mtazamaji.

Kwa hiyo nauunga mkono mchango, ila si kwa karatasi ya aina yoyote. Waraka wa kuuza hisa uonyeshe lifti yenye viti visivyojifungua kwenye kebo, inayokwenda polepole kuliko zile za kisasa lakini yenye vipuri vichache na bei ya chini. Uonyeshe akiba ya misimu miwili mibaya ikiwa benki kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Mt. Ashland ya Oregon, Marekani, sehemu ya kuteleza kwenye theluji iliyookolewa na wananchi kwa michango mwaka 1992, haikufunguka hata siku moja msimu wa 2013–14 kwa kukosa theluji, na msimu uliofuata ikafunguka; mlima usio na uwezo wa kuvuka msimu kama huo usiombe fedha za watu. Fungu la kila tiketi liandikwe ndani ya katiba ya chama kuwa mali ya njia, na liwalipe wachimbaji mshahara, lisiwe zawadi ya vifaa na chai. Na kuwe na kifungu kinachosema chama kitafanya nini siku lifti itakapolazimika kung'olewa, na nani ameshalipia kazi hiyo. Waandaaji wakiweza kuyaandika hayo na bado watu wa Innerleithen wakanunua hisa, wanaongoja mwekezaji watakuwa wamekosa hoja yao kuu.